Barua pepe kwenye programu ya Java: jar mbili zinapogombana

Karibuni. Leo tunashughulika na programu ya wavuti ya Java ambayo ilikuwa inakwenda vizuri, ikaongezewa kazi ya kutuma barua pepe, ikagoma. Msimbo wa kutuma barua ni mistari michache, na mara nyingi hauna kosa. Kosa liko kwenye maktaba (mafaili ya jar yenye msimbo wa watu wengine) zilizoingia pamoja nao.

Tuanze na majina, maana yanapotosha. JavaMail ya zamani, maktaba ya Java ya kutuma barua pepe, ni `com.sun.mail:javax.mail`, na iliishia toleo 1.6.2. Mradi ulipohamia shirika la Eclipse, jar ikaitwa `com.sun.mail:jakarta.mail`. Hapo ndipo wengi wananaswa: toleo 1.6.7 la jar hiyo bado lina pakeji za `javax.mail` ndani. Pakeji zenyewe zilibadilika kuwa `jakarta.mail` kuanzia 2.0. Kwa hiyo msiamini jina la nje, chungulieni ndani:

`jar tf jakarta.mail-1.6.7.jar | grep Session.class`

Kwenye Spring Boot, mfumo wa kujengea programu za Java, toleo 2 linataka `javax.mail`, toleo 3 linataka `jakarta.mail`. Hakuna njia ya katikati. Anayepandisha Spring Boot huku amebakiza jar ya barua ya zamani atakutana na `NoClassDefFoundError: jakarta/mail/...`, na hatapona kwa kuongeza jar nyingine juu yake. Aondoe namba ya toleo aliyoiandika mwenyewe, atumie `spring-boot-starter-mail`, kisha abadilishe import zote.

Sasa Maven, chombo kinachokusanya maktaba na kujenga programu. Wengi wanajua kwamba matoleo mawili yakigongana, Maven huchukua lililo karibu zaidi na pom yako (faili la `pom.xml` linaloorodhesha maktaba). Ni kweli, ila Maven hutambua maktaba kwa groupId na artifactId (jina la kundi na jina la maktaba). Kwake yeye, `javax.mail` 1.6.2 na `jakarta.mail` 1.6.7 ni vitu viwili tofauti kabisa, japo klasi zake zina majina yaleyale. Haoni mgongano wowote. Anaziingiza zote mbili. Ongezeni `geronimo-javamail_1.4_spec`, ambayo hupenda kuja kimyakimya na maktaba za zamani za SOAP (itifaki ya programu kuzungumza kwa XML), na sasa mna nakala tatu za `javax.mail.Session`. Itakayopakiwa kwanza ndiyo itakayotumika, na mpangilio huo unaweza kuwa tofauti kati ya kompyuta yako na seva. Ile ya Geronimo ina API tupu, yaani ganda la kuita tu, haina mtekelezaji wa SMTP (itifaki ya kutuma barua), kwa hiyo ikishinda mnapata `NoSuchProviderException`. Ikishinda ya zamani, ni `NoSuchMethodError`.

Mtafuteni aliyeleta jar msiyoitaka:

`mvn dependency:tree -Dverbose -Dincludes=:*mail*`

Kisha mkate pale ilipoingilia kwenye pom, ndani ya dependency (maktaba) iliyoileta:

```
<exclusions>
  <exclusion>
    <groupId>org.apache.geronimo.specs</groupId>
    <artifactId>geronimo-javamail_1.4_spec</artifactId>
  </exclusion>
</exclusions>
```

Kupanga toleo kwa `dependencyManagement` hakusaidii hapa, kwa sababu huko hupangwa matoleo ya maktaba ileile. Mkimaliza, endesheni `mvn clean package`. Bila `clean`, jar mliyoifukuza inaweza kubaki ndani ya `target` na kuingia tena kwenye war (kifurushi cha programu ya wavuti). Hakikisheni kwa macho: `unzip -l target/app.war | grep -iE 'mail|activation'`.

Kuna hitilafu moja inayochanganya kuliko zote: `javax.mail.Session cannot be cast to javax.mail.Session`. Jina kushoto na kulia ni lilelile, herufi kwa herufi. Hutokea pale Tomcat (seva inayoendesha programu ya wavuti) inapotoa Session kwa JNDI (saraka yake ya rasilimali) kutoka jar iliyoko `$CATALINA_HOME/lib`, na war yenu imebeba nakala yake kwenye `WEB-INF/lib`. Klasi moja iliyopakiwa na vipakiaji viwili vya klasi, kwa Java ni klasi mbili. Mkitumia JNDI, jar ikae kwa Tomcat na kwenye pom iwe na scope ya `provided` (isiingizwe kwenye war). Mkiunda Session wenyewe, ikae kwenye war peke yake.

Walio kwenye Jakarta Mail 2.1 wakiona `Not provider of jakarta.mail.util.StreamProvider was found`, wameweka API bila utekelezaji. Waongeze `org.eclipse.angus:angus-mail`.

Imebaki `no object DCH for MIME type multipart/mixed`. DCH ni klasi inayogeuza maudhui ya barua, na maana ya kosa ni kwamba faili la `META-INF/mailcap`, linaloziorodhesha klasi hizo, halikupatikana. Kama mnaunganisha jar zote kuwa moja kwa Shade (programu-jalizi ya Maven), mafaili yenye jina moja hufutana. Wekeni `AppendingTransformer` kwa mailcap na `ServicesResourceTransformer` kwa huduma. Lakini kama barua inatoka vizuri ikitumwa moja kwa moja, na inagoma ikitumwa kwa `CompletableFuture.runAsync`, jar hazina hatia. Tangu Java 9, thredi za common pool (kundi la pamoja ambalo `runAsync` hutumia) hutumia kipakiaji cha mfumo, ambacho hakioni `WEB-INF/lib`. Ipeni `runAsync` Executor yenu, yenye thredi zinazobeba kipakiaji cha programu.

Mwisho, washeni `mail.debug=true`. Logi ikionyesha seva ya barua imejibu kwa 220 (salamu yake ya kukaribisha), na hakuna ile hitilafu ya DCH, acheni kuhangaika na pom: kitakachokwama baada ya hapo kwa kawaida ni TLS (usimbaji wa muunganisho), nywila au ruhusa ya mtumaji.