Almaty, mji wa wapita njia

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, nanyi vijana mnaojiandaa kwenda nje kwa kazi za mkataba: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie kuishi na kufanya kazi kwa muda Almaty, Kazakhstan. Kwa sisi wa afya ya jamii mji huo si mgeni masikioni. Tamko la Alma-Ata (jina la zamani la Almaty), lile la huduma ya afya ya msingi tulilolikariri chuoni hadi likatutoka puani, lilipitishwa huko Septemba 1978 na wajumbe wa nchi 134. Ukumbi wenyewe bado upo, siku hizi unaitwa Jumba la Jamhuri, na watu huendea matamasha. Ukimweleza kijana wa pale habari za Tamko, atakusikiliza kwa adabu kisha atakuuliza kama umeshapanda milimani.

Sasa, wengi wakipata mkataba mfupi huishi kama wako stendi: begi halifunguliwi, lugha hawajifunzi, jirani hawamjui. Almaty ni mahali pabaya pa kuishi hivyo, kwa sababu mji ule umejaa watu waliofika bila nia ya kukaa, na wengi wakaishia kuwa wenyeji. Mwaka 1928 Stalin, mtawala wa Urusi ya Kisovieti, alimtupa huko mpinzani wake Trotsky, na mwaka uliofuata akamfukuzia Uturuki. Mwaka 1937 Wakorea walioishi Mashariki ya Mbali ya Urusi walipakiwa kwenye mabehewa kwa nguvu na kuletwa Kazakhstan na Uzbekistan; 1941 ikawa zamu ya Wajerumani walioishi kando ya mto Volga, Urusi, kuletwa Kazakhstan. Vita vilipopamba moto, studio za filamu za Moscow na Leningrad zilihamishiwa Almaty, na mwongozaji maarufu wa filamu Eisenstein akafanyia kazi huko. Juzijuzi tu, 2022, Warusi waliokwepa kupelekwa vitani Ukraine walimiminika, na kodi za nyumba zikapaa. Nenda Soko la Kijani: akina mama wa Kikorea wanauza saladi ya karoti yenye pilipili, na hatua chache kutoka hapo unaning'inia utumbo uliojazwa nyama ya farasi. Wajukuu wa wapita njia hao ndio wenyeji wako. Mtu mweusi atatazamwa, nisiwadanganye, pengine aombwe picha. Lakini kuwa mgeni kwenyewe si kioja pale.

Makaratasi ndiyo hayana ukarimu. Kabla ya yote tafuta IIN, namba ya utambulisho yenye tarakimu 12. Bila hiyo hufungui akaunti ya benki, na bila akaunti huna Kaspi, ambayo kwao ni kama M-Pesa kwetu: muuza nyanya, dereva, mwenye nyumba, wote wanaitaka. Kodi ya nyumba hulipwa kwa mwezi, pamoja na amana mwanzoni, si ile ya kwetu ya kudaiwa miezi sita mkupuo. Dalali yupo, kama kila mahali duniani.

Ukichagua nyumba, jua kwamba mji umelala kwenye mteremko. Kusini ni milima ya Alatau, yenye theluji. Kaskazini ni nyika. Kwa hiyo watu huelekezana kwa juu na chini: "juu ya Abai" maana yake kusini mwa barabara ya Abai, kuelekea mlimani. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa safi na kodi inakuwa kali. Hili la hewa si anasa. Mwanzoni niliogopa baridi kumbe cha kuogopwa ni moshi. Majira ya baridi upepo ni hafifu, milima inauzuia mji kama ukuta, na makaa ya mawe yanachomwa kuanzia nyumba binafsi hadi mtambo mkubwa wa umeme na joto. Kuna asubuhi milima yote inapotea. Mwenye pumu asiende bila kujadiliana na daktari wake.

Ndani ya nyumba mambo ni kinyume kabisa. Joto hutoka mtamboni kupitia mabomba ya mji mzima, huwashwa katikati ya Oktoba hivi, na katika majengo mengi ya zamani hulipunguzi wewe. Nje ni nyuzi kumi chini ya sifuri, ndani umevaa fulana na umefungua kidirisha. Makoti mazito kanunueni huko huko. Ya kwetu ni ya Mbeya.

Tetemeko halina mzaha. La 1887 liliangusha karibu nyumba zote za matofali. La 1911 likaliacha limesimama kanisa kuu la mbao, ambalo hadi leo liko bustanini. Januari 2024 ardhi ilitikisika usiku, watu wakatoka na blanketi kwenye baridi. Pasipoti na koti viwe karibu na mlango.

Kazini mtaalikwa chai. Ina maziwa, mtafurahi, lakini bakuli la kunywea halijazwi. Mwenyeji anakutilia kidogo kidogo ili aendelee kukuhudumia. Likijazwa pomoni, husemwa kwamba unaagwa. Msiombe lijazwe.

Tangu Machi 2024 Kazakhstan nzima hufuata majira mamoja ya saa, na wametutangulia kwa saa mbili tu, hivyo kupiga simu nyumbani si taabu. Maswali ya viza naomba tuyazungumze mmoja mmoja baada ya hapa, kwa kuwa yanategemea mwajiri na aina ya mkataba. Karibuni.