Mashine Haiupi Muziki Jina

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie lupu, yaani kipande kifupi cha sauti kinachokatwa na kurudiwa mpaka kinabeba wimbo mzima. Kuna swali ambalo maprodyuza wa hapa Dar hawaachi kuniuliza: mtu anayepiga gitaa peke yake kwa pedali ya lupu, yaani kifaa cha kukanyaga kinachorekodi na kurudia anachopiga, muziki wake tuuite nini?

Wazungu wamebishana sana juu ya hili. Mwaka 1973 mpiga gitaa Robert Fripp na mwanamuziki Brian Eno, wote Waingereza, walitoa albamu iliyotegemea mashine mbili za kurekodi. Utepe ulirekodiwa kwenye ya kwanza, ukapita hadi ya pili iliyoucheza, na sauti ikarudishwa ya kwanza, hivyo kila noti ilirejea baada ya sekunde kadhaa. Baadaye Fripp alikuwa na jina la mtindo huo: Frippertronics, jina lake mwenyewe na mitambo yake. Kisha zikaja pedali. Ukikanyaga mara ya kwanza inarekodi, ya pili inafunga mzunguko, ya tatu unaongeza tabaka juu yake. Wapigaji wake wakajikusanya chini ya jina la muziki wa lupu, na chini ya jina hilo utamkuta anayeimba nyimbo za kijijini kwao, anayeigiza ngoma kwa mdomo, na anayepiga noti tatu kwa nusu saa. Wanachoshirikiana ni kifaa tu. Msikilizaji wa mmoja hawezi kumvumilia mwenzake.

Kule Bronx, New York, mwaka huohuo wa 1973, dijei Kool Herc aliona watu wanasubiri kile kipande cha ngoma peke yake ndipo wacheze. Akatumia nakala mbili za santuri moja, hii ikiisha anaipokeza ile. Lupu ya mikono hiyo! Hip hop iliyozaliwa hapo haikuchukua jina la santuri.

Sasa njoo nyumbani. Muziki wa mchiriku ulisimama juu ya kinanda kidogo cha Casio na ngoma kali, na mwimbaji akisimulia maisha ya uswahilini. Kisha Manzese, Tandale, Mburahati, kwenye vigodoro, zile sherehe za usiku kucha, madijei wakachukua vipande vya taarab ya kisasa, wakavizungusha, wakavipandisha mwendo, na emsii akaingia juu. Leo muziki huo, singeli, unakimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Biti nyingi zimetengenezwa kwenye FL Studio, programu ambayo zamani iliitwa FruityLoops. Lupu imo ndani ya jina lenyewe la programu! Hata hivyo uswahilini hakuna aliyeupa muziki wake jina la kompyuta. Hilo nalithamini sana, kwa sababu linaonyesha wenye muziki walikuwa wanatazama uwanja, nani anacheza na anacheza vipi.

Fanyeni jaribio. Chukua kipande kimoja cha kinanda cha taarab. Kwenye mwendo wake wa asili, mama zetu watakitunza kama taarab. Kipunguze, weka ngoma nzito na kijana anayechana, hiyo ni Bongo Fleva. Kipandishe mpaka 250, mpe emsii kipaza sauti, na Manzese nzima itakuambia ni singeli. Lupu haikubadilika hata kidogo. Mwendo, sauti ya mtu na namna ya kucheza ndivyo vilivyoamua.

Kuna hoja dhidi yangu, na ina uzito. Pedali inamlazimisha mpigaji: wimbo unakua kwa tabaka, na ni vigumu kubadili kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, katikati kwa sababu ulichofunga kinaendelea kuzunguka. Kwa hiyo kifaa kinatoa umbo. Nakubali. Lakini umbo linaweza kukaa ndani ya aina nyingi za muziki. Binti wa Sinza akikanyaga pedali na kuimba mafumbo ya mipasho, mimi nasema hiyo ni taarab, na ninampongeza kwa kupata okestra ya mtu mmoja. Akitokea mwingine ambaye watu wanaucheza muziki wake kwa namna ambayo hatujaiona, hapo jina jipya litahitajika, na wachezaji wenyewe watalitoa kabla ya mpigaji.

Tusikilize sasa. Fundi, weka kile kipande kwa mwendo wake, kisha upandishe taratibu. Ninyi nyosheni mkono pale mnapoanza kusikia singeli, tuone kama mikono ya Tandale na ya Masaki kwa matajiri itanyooka pamoja.