Ripoti ya Kiufundi na Msomaji Asiyeweza Kukuuliza: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Uhandisi

Ndugu wanafunzi, na walimu wenzangu mliopata nafasi ya kuungana nasi,

Nimeombwa nizungumze nanyi kuhusu kanuni za mpangilio na uandishi wa ripoti za kiufundi kabla hamjaondoka kwenda kwenye mafunzo kwa vitendo. Najua kwamba mnao tayari mwongozo wa idara, unaoeleza upana wa pambizo, ukubwa wa herufi na mahali pa kuweka namba ya ukurasa, na najua pia kwamba mwongozo huo husomwa usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, tena mara nyingi na mwenzenu mmoja kwa niaba ya kundi zima. Sitausoma hapa. Ninachotaka ni kueleza kwa nini kanuni hizo zipo, maana anayejua sababu huweza kuamua vizuri hata pale mwongozo unaponyamaza, na mwongozo hunyamaza mara nyingi.

Sababu yenyewe ni msomaji. Ripoti ya kiufundi husomwa na mtu ambaye hakuwapo saiti, hakushika kifaa cha kupimia, na kwa kawaida hana njia ya kumpata mwandishi ili amuulize alikusudia nini. Anaweza kuwa mhandisi mshauri mwenye nusu saa tu kabla ya kikao, au mhandisi wa halmashauri anayetaka kujua, miaka ishirini baada ya ninyi kuhama, kama msingi wa jengo unaweza kubeba ghorofa nyingine. Kila kanuni nitakayoitaja leo inamlinda mtu huyo, na kanuni ambayo haimlindi mna haki ya kumuuliza mkuu wa idara inafanya kazi gani.

Nitaanza na mfano wa mbali kidogo, kwa sababu umechunguzwa na kuandikwa kwa kina kuliko mifano yetu wenyewe. Tarehe 16 Januari 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kiliruka kutoka Florida, na sekunde takriban 82 baada ya kuruka kipande cha povu la kukinga joto kilichomoka kwenye tangi la nje na kugonga bawa la kushoto. Wahandisi walipewa kazi ya kukadiria madhara wakati chombo kingali angani, na matokeo yao yakawasilishwa kwa slaidi. Mojawapo ya slaidi hizo imekuwa maarufu kwa ubaya. Kichwa chake kilimwambia msomaji kwamba takwimu za majaribio zinaonyesha kuwa makadirio ya povu kupenya vigae, vile vinavyokikinga chombo dhidi ya joto, yamewekwa kwa tahadhari. Yaani msomaji mwenye haraka alipata faraja kabla hajasoma neno la pili. Chini ya kichwa hicho yalifuata madondoo, yaani vifungu vifupi vyenye vitone, yaliyopangwa ngazi ndani ya ngazi, neno moja lenye maana ya «kikubwa» likirudiwa mara tano bila hata mara moja kuambatana na namba inayosema ni kikubwa kiasi gani. Mwishoni kabisa mwa slaidi, kwenye ngazi ya chini na kwa herufi ndogo, ndipo palipokuwa na habari yenyewe: kipande kilichogonga bawa kilikadiriwa kuwa na ujazo wa inchi za ujazo 1920, wakati kile kilichotumika kwenye majaribio kilikuwa na inchi za ujazo 3. Hiyo ni tofauti ya mara 640, na maana yake ni kwamba majaribio yale hayakuweza kusema lolote la uhakika kuhusu tukio lile. Zaidi ya hayo, kipimo hicho kimoja cha inchi za ujazo kiliandikwa kwa namna tofauti ndani ya ukurasa huo huo, jambo ambalo mhakiki makini angelishika mapema na kujiuliza ni nini kingine hakikuhakikiwa.

Columbia ilisambaratika tarehe 1 Februari 2003 ikirejea duniani, na wanaanga wote 7 wakafa. Ningekuwa nawadanganya kama ningesema slaidi ndiyo iliyowaua. Bodi ya uchunguzi, katika ripoti yake ya Agosti 2003, ilitaja sababu za kiufundi na za kiutawala ambazo mpangilio mzuri wa ukurasa peke yake usingeziondoa. Lakini bodi hiyo hiyo iliona haja ya kulisema wazi jambo la slaidi kutumika mahali pa maandiko kamili ya kiufundi, na kulihesabu miongoni mwa dalili za mawasiliano mabovu ndani ya NASA, shirika la anga la Marekani. Nawaomba mlichukulie hilo kwa uzito, hasa ninyi mnaodhani ripoti ni slaidi zilizorefushwa. Dondoo hukuruhusu kuweka mambo mawili jirani bila kusema uhusiano wao. Sentensi kamili hukulazimisha uchague kati ya «kwa sababu», «ingawa» na «kwa hiyo», na katika kuchagua huko ndipo wewe mwenyewe unapogundua kwamba hoja yako haijakaa sawa.

Kutokana na mfano huo yafuata mambo mawili ya mpangilio. La kwanza ni vichwa vya sehemu. Kichwa kisitoe hukumu ambayo maandishi ya chini yake hayaithibitishi. «Matokeo ya Majaribio ya Mgandamizo» kinatosha kabisa. La pili ni muhtasari, ile nusu ya ukurasa ya mwanzo ambayo wengi wenu huiandika kama utangulizi uliopunguzwa. Muhtasari hauelezi kwamba ripoti «itajadili» hili na lile. Unaeleza kilichofanyika, namba kuu iliyopatikana, kasoro kubwa kuliko zote ya namba hiyo, na pendekezo. Wapo wakubwa wengi watakaosaini kwa kusoma ukurasa huo tu, na mimi siwalaumu, kwani wana mafaili mengine mezani. Kwa hiyo ile habari ya mara 640 mahali pake ni hapo.

Sasa tuje kwenye namba na vipimo vyake, ambako ndiko makosa mengi yanakofanyika na ndiko nitakakokaa zaidi. Mfumo wa kimataifa wa vipimo, SI, una kanuni za uandishi ambazo watu huzichukulia kama adabu za mezani, zikivunjwa hakuna anayeumia. Zipo chache za namna hiyo: kuacha nafasi kati ya namba na alama ya kipimo, kwamba tuandike 25 MPa (megapaskali, kipimo cha mgandamizo) na siyo 25MPa, kutoweka alama ya wingi wala nukta mwishoni mwa kipimo, kuandika alama za vigezo kwa herufi za mlazo na alama za vipimo kwa herufi zilizosimama. Lakini suala la herufi kubwa na ndogo ni jambo jingine kabisa. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2115 MW. Mwanafunzi anayeandika 2115 mW ameandika miliwati, yaani wati mbili na kidogo, ambazo zinatosha taa moja ndogo ya mezani. Mnacheka, lakini kwenye ripoti za mradi wa mwaka wa nne herufi hizo huchanganywa kila mwaka, sawa na kW na kWh, ambapo ya kwanza ni kasi ya kutumia nishati na ya pili ni nishati yenyewe, na anayezichanganya hawezi kukokotoa hata bili ya luku.

Iko pia alama ya mkato. Sisi tuliosoma kwa Kiingereza tunatumia nukta kwa desimali na mkato kwa kutenganisha maelfu. Wenzetu waliosoma kwa Kifaransa, Bujumbura au Lubumbashi, wanatumia mkato kwa desimali. Mradi wa umeme wa Rusumo kwenye Mto Kagera, wenye megawati 80, ni wa Tanzania, Rwanda na Burundi kwa pamoja, na ripoti ya mradi wa namna hiyo hupita mikononi mwa watu wa shule zote mbili. Ukiandika 2,115 mmoja atasoma elfu mbili mia moja na kumi na tano, na mwingine atasoma mbili na sehemu kidogo, na wote wawili watakuwa wamesoma sawasawa. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani wa mwaka 2003 ulikubali nukta na mkato kuwa alama halali za desimali, na ukasisitiza kwamba maelfu yasitenganishwe kwa alama yoyote kati ya hizo, bali kwa nafasi nyembamba. Kwa hiyo kwenye ripoti andikeni 22 500 mm². Magazeti na yaendelee na mkato wake.

Vipimo visivyotajwa navyo vimekwisha kuleta hasara. Tarehe 23 Septemba 1999 NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa namba za msukumo kwa paundi-sekunde, na waliozipokea wakazichukulia kuwa nyutoni-sekunde. Tofauti yake ni mara 4.45 hivi. Kila safu ya jedwali, basi, iwe na kipimo chake kichwani, hata kama kwako wewe kinajulikana.

Namba ikishapata kipimo, inabaki kujua ni tarakimu ngapi ziandikwe. Chukueni mchemraba wa zege wa milimita 150, ambao uso wake una 22 500 mm². Mashine imeonyesha kwamba ulipasuka kwa mzigo wa 617 kN (kilonyutoni). Mkigawanya mzigo huo kwa eneo la uso, kikokotoo kitawapa 27.42222222, na nimeona ripoti zilizoandika tarakimu zote hizo kana kwamba wingi wake ni ushahidi wa bidii. Mashine imekupa tarakimu tatu. Huwezi kupata kumi kwa kugawanya. Kiwango cha BS EN 12390-3, cha kupima nguvu ya zege kwa mgandamizo, kinataka jibu likaribishwe kwenye 0.1 MPa, kwa hiyo andika 27.4 MPa na usonge mbele. Lakini usisonge kabla hujaandika umri wa zege hilo lilipovunjwa, siku 7 au 28, namna lilivyotunzwa majini, na kasi ya kupakia mzigo, kwa kuwa nguvu ya zege isiyo na umri haiwezi kulinganishwa na chochote.

Kuhusu majedwali na vielelezo nitapita haraka. Kichwa cha jedwali hukaa juu, kwa kuwa jedwali husomwa kushuka. Maelezo ya kielelezo hukaa chini. Kila kimoja kina namba, na kila namba inatajwa kwenye maandishi kabla msomaji hajakifikia. Mihimili ya grafu iandikwe jina na kipimo. Msitegemee rangi peke yake kutofautisha mistari, kwa sababu nakala ya ripoti yenu itatolewa kwenye mashine ya rangi nyeusi, na mstari mwekundu na wa kijani itafanana kama mapacha. Pambizo la kushoto liwe pana kwa ajili ya jalada. Kurasa za mwanzo zitumie namba za Kirumi. Aina ya herufi mtakayochagua hainisumbui, ilimradi iwe moja.

Marejeo yanahitaji maneno machache zaidi. Iwe mnatumia mtindo wa IEEE, chama cha wahandisi wa umeme, wenye namba ndani ya mabano ya mraba kwa mfuatano wa kutokea, au ule wa jina na mwaka, chagueni mmoja na mdumu nao hadi mwisho. Lakini mwaka usikosekane kamwe, hasa mnaponukuu viwango. Kiwango cha BS 8110 cha usanifu wa zege, ambacho Uingereza walikiondoa mwaka 2010 na ambacho sisi bado tunakutana nacho maofisini, kilikuwa na kigawo cha usalama wa nondo, yaani namba ambayo nguvu ya nondo hugawanywa nayo, cha 1.15 katika toleo la 1985, kikawa 1.05 katika toleo la 1997. Mwanafunzi aliyeandika tu kwamba amesanifu boriti «kwa mujibu wa BS 8110» amemwachia mhakiki wake tofauti ya karibu asilimia 10 ya nguvu ya nondo aikisie mwenyewe.

Lugha ya ripoti zenu, kama mnavyojua, itakuwa Kiingereza, lakini ninalosema linahusu lugha yoyote. Mmefundishwa kutumia kauli ya kutendwa, na kwa maelezo ya mbinu inafaa: zege lilimwagwa, sampuli zilipimwa, haidhuru ni nani aliyeshika koleo. Pale penye uamuzi, hata hivyo, kauli hiyo huficha. «Iliamuliwa kwamba sampuli mbili ziachwe» ni sentensi ambayo haina mwenyewe. Nani aliamua, na kwa kigezo gani? Andika kwamba msimamizi wa maabara aliziacha kwa sababu nyuso zake hazikuwa bapa, na upungufu wake ulikuwa kiasi gani. Vivyo hivyo, maneno kama «ya kuridhisha» na «nzuri sana» yaondoeni kwenye sehemu ya matokeo. Kama mporomoko wa zege bichi (slump), yaani kiasi linachoshuka likitolewa kwenye kikopo cha kupimia, ulikuwa milimita 75 na uliotakiwa ulikuwa kati ya 50 na 100, sema hivyo, na msomaji ataridhika mwenyewe.

Jambo la mwisho nililoliandika kwenye karatasi yangu ni ukurasa wa jalada. Wengi huwekeza kwenye nembo na picha ya daraja, kisha wakasahau tarehe, namba ya toleo na majina ya walioandika na waliohakiki. Mtakapokuwa kazini ripoti moja itatoka mara tatu au nne, na kila mara namba zitabadilika kidogo, kwa hiyo toleo la 2 lieleze limebadilisha nini kutoka toleo la 1, na mkandarasi aliye saiti ajue ni lipi alifuate. Anzeni zoezi hilo sasa kwenye rasimu mnazompelekea msimamizi, badala ya kuziita «ya mwisho», «ya mwisho kabisa» na «ya mwisho kweli».

Muda wa maswali umefika. Naona wa idara ya umeme mnanong'ona kuhusu michoro ya saketi, ambayo nimeiruka kwa makusudi, anzeni ninyi.