Tunawasifia akina mama, kiti hatuwapi

Jamani asanteni kwa kuja, naona wengine wamesimama mpaka mlangoni, sogeeni mbele nafasi zipo. Niingie moja kwa moja. Ukienda na mtoto Kariakoo kwenye ule msongamano unamwambiaje? Wengi tunamwambia ukipotea mtafute mama yeyote umwambie. Hatusemi mtafute baba. Huyo mama hatumjui hata jina na tumeshamwamini.

Hicho ndo walichokikuta watafiti wa saikolojia Alice Eagly na Antonio Mladinic kule Marekani mwaka 1989. Watu walikuwa wanachukulia kwamba kama wanawake wanabaguliwa basi lazima wanaonekana wabaya, kumbe wanafunzi wa chuo walipoulizwa wanawake mnawaonaje na wanaume je, wanawake ndo wakapewa alama nzuri zaidi. Mwaka 2004 Laurie Rudman na Stephanie Goodwin wakapima kwa kompyuta, unabonyeza fasta bila muda wa kujipanga, wakaona wanawake wanawapendelea wanawake wenzao kwa nguvu sana kuliko wanaume wanavyowapendelea wanaume wenzao. Na upendeleo huo ulienda pamoja na mtu kumpenda mama kuliko baba, au kuhusisha uanaume na fujo. Hapo mimi naumia kweli, maana tunalea watoto wa kiume wanaokua wakijua wao ni wa kuogopwa.

Sasa mtauliza, kama wanapendwa hivyo mbona hawapewi nafasi? Angalieni wanasifiwa kwa lipi: mpole, ana huruma, mvumilivu, anajali. Zote ni sifa za mtu wa kuhudumia wengine! Chukua kikundi chochote cha mtaani, yule mama anayepika kwenye misiba na kukumbuka nani anaumwa kila mtu anamwombea dua, siku akisema safari hii nagombea uenyekiti basi hapohapo utasikia huyu naye ana mdomo, jike dume, mumewe kamshindwa. Ni mtu yuleyule jamani, hajabadilika chochote isipokuwa kaomba kiti.

Peter Glick, Susan Fiske na wenzao walichapisha mwaka 2000 utafiti wa watu zaidi ya 15,000 kwenye nchi 19, wakaona kwamba nchi ambazo watu wanamsifu sana mwanamke kama kiumbe wa kulindwa na kubembelezwa, ndo hizohizo wanaomchukia akidai haki zake ni wengi. Yaani sifa na dharau zinakaa nyumba moja. Kwa hiyo mtu akikwambia sisi tunawaheshimu sana mama zetu, mwulize shamba limeandikwa jina la nani.

Halafu kuna hili, na akina baba mliopo hapa naomba mlisikie vizuri. Mwaka 2018 Kuba Krys na wenzake walichapisha uchambuzi wa tamaduni 44, watu walionyeshwa picha za wanaume na wanawake waseme huyu anaonekana mtu wa namna gani, na kule kwenye usawa zaidi wa kijinsia ile tofauti ya wanawake kuonekana wazuri kuliko wanaume ikapungua, na aliyefaidika zaidi kwa kuonekana vizuri ni mwanaume. Mwanaume! Sisi huku tunaambiana usawa unakuja kutunyang'anya, wakati tunaweza kupata kitu ambacho hatujawahi kuwa nacho, mtoto aliyepotea sokoni atukimbilie na sisi.

Haya, maswali. Tuanzie huko nyuma, mpe maiki yule kaka.