Kazi yetu ilipewa jina baya

Asanteni, kaeni kaeni. Maiki inasikika huko nyuma? Haya. Walioshawahi kunisikia wanajua naanzia wapi, mnivumilie tu, mi hili halijanitoka bado. Kazi yetu ilipewa jina baya. Ushauri nasaha. Ushauri ni ushauri, nasaha nayo ni ushauri uleule, kwa hiyo mtu anasoma kibao mlangoni "ushauri ushauri", anaingia, anakaa, anasubiri kushauriwa. Na wewe kaunsela na cheti chako ukutani unaona usipompa kitu ataenda kusema hujui kazi. Dakika ya kumi umeshaanza, "sasa mama, mimi nakushauri..." Unamshauri nini na hata kilichomleta hujakijua?

Nina stori yangu ya Carl Rogers, mwanasaikolojia aliyetuletea ushauri wa kumfuata mteja, yaani mteja ndo anaongoza mazungumzo, sio kaunsela; walimu wa malezi mliokuwa semina iliyopita zibeni masikio. Miaka ya 1930 huyu bwana hajawa maarufu, yuko Rochester huko Marekani anafanya kazi na watoto walioshindikana. Analetewa kesi, mama mmoja mwenye akili zake timamu, mtoto wake wa kiume ni balaa. Rogers kakagua faili kaona jibu, kosa ni la mama, hakumpokea mtoto vizuri tangu mdogo. Kazi iliyobaki ni kumfanya mama naye alione hilo jibu. Basi wanakutana, anamvuta taratibu, anamkusanyia ushahidi, wiki nenda wiki rudi, mama wala. Mwisho Rogers kachoka, kamwambia mama naona wote tumejaribu na tumeshindwa, bora tuishie hapa. Mama kakubali. Wakapeana mikono, mama huyo, kafika mlangoni. Halafu kageuka, akauliza, hivi hapa huwa mnawapokea na watu wazima? Rogers akajibu ndiyo. Basi mimi nataka msaada, akasema, akarudi kwenye kiti kilekile alichotoka kukinyanyukia, akaanza kumwaga ya ndoa yake, mume wake, anavyojiona kashindwa maisha. Hayo yote faili halikuwa nayo! Wiki zote hizo Rogers alikuwa anatibu faili. Na ndiyo matibabu yenyewe yakaanzia hapo, yakafanikiwa.

Mimi huwa najiuliza ni wangapi wangu walifika mlangoni wasigeuke.

Mmoja namjua. Kijana wa bodaboda (nimebadilisha mambo kidogo asijulikane) kaletwa na dada yake kwa sababu ya pombe. Mimi na fomu yangu, unakunywa mara ngapi kwa wiki, unaanza saa ngapi, ananijibu vizuri kabisa, "ndiyo dokta", na mi si dokta. Kikao cha tatu hakuja. Miezi imepita, siku hiyo nimechelewa, nasimamisha boda, kumbe ni yeye. Tumeenda kimya mpaka kwenye foleni, ndo akaanza kuongea, kanipa mgongo, helmeti kichwani, nusu ya maneno yanaliwa na upepo. Kwamba alizika mtoto. Kwamba akilala bila kunywa anamsikia. Mi nyuma pale hata pa kuandikia sina, namjibu "mmh" tu. Tumefika, kazima pikipiki, tumebaki pale juani karibu nusu saa. Nauli elfu mbili akakataa. Alirudi ofisini baada ya hapo, na viti nikavigeuza, tukawa tunakaa wote tunaangalia dirisha, maana uso kwa uso hawezi. Chuo hakuna aliyenifundisha kugeuza viti.

Najua kuna mtu hapo anasema moyoni, hayo ya wazungu, Mwafrika anataka kuambiwa. Hili pingamizi linanichosha jamani! Nenda Harare, Zimbabwe, mtaa wa Mbare. Daktari wa akili Dixon Chibanda mwaka 2006 alianza na bibi 14 wa mtaani na benchi nje ya zahanati. Mwanzo benchi liliitwa la afya ya akili, watu wakalikwepa, bibi ndo wakamwambia badilisha jina. Kwa Kishona likawa Chigaro Chekupanamazano. Sikilizeni hiyo "kupana", sikio la Kiswahili halihitaji mkalimani, ni kupeana, kupeana mawazo! Sio kupewa. Na ugonjwa hawauiti kwa jina la hospitali, wanasema kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Bibi ana utaratibu wake, vikao sita, hatua kwa hatua, lakini tatizo la kuanza nalo anachagua aliyekuja. Ukija na sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, ukasema kinachokuuma ni kodi ya nyumba, mnaanza na kodi. Walipimwa watu 573 kwenye zahanati 24, matokeo yakatoka 2016, waliokaa na bibi walikuwa na dalili chache sana kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limefika mpaka Zanzibar. Sasa niambie ni uzungu gani huo.

Ee, naonyeshwa saa. Haya haraka haraka. Kimya kisikutishe, hesabu mpaka ishirini kabla hujafungua mdomo. Mteja akitaka kuongelea Mungu, ongeleeni Mungu, ila usigeuke shehe wala mchungaji. Na kumfuata mteja sio kumfuata mpaka shimoni: akigusia kujiua, muulize waziwazi hapohapo na usimwache aondoke peke yake; mtoto anaumizwa, Sheria ya Mtoto ya 2009 inakutaka utoe taarifa, hapo hakuna cha siri. Hili lilitaka saa nzima, limeliwa na Rogers.

Nilikuwa na ya vikao vya simu pia, basi tena. Nusu saa naongea peke yangu, kaunsela wa kumfuata mteja, aibu hii. Dada wa kilemba cha kijani umenyoosha mkono tangu nilipokuwa Rochester, shika maiki, anzia popote.