Sanduku Tupu la Jaladani

BARAKA: Karibu tena, msikilizaji. Dada Zuhura leo kaja na jarida la Popular Electronics, toleo la Januari 1975.

ZUHURA: Nimekuja kulitetea, kaka Baraka. Watu husimulia jalada tu, ile kompyuta ya Altair 8800. Mimi nasema fungua ndani. Mna michoro ya saketi na maelezo ya namna kila kitu kinavyofanya kazi. Mhariri alimheshimu msomaji, akamwona fundi.

BARAKA: Na mwenye mashine alikuwa nani?

ZUHURA: Ed Roberts wa kampuni ya MITS, Albuquerque. Madeni yalikuwa yamemfika shingoni, maana vikokotoo alivyokuwa akiuza vilishuka bei vibaya. Akachukua chipu ya Intel 8080, ndiyo ubongo wa mashine, akaunda kompyuta, akaiuza ikiwa vipande kwa dola 397. Kulehemu ni juu yako.

BARAKA: Na ile tunayoiona kwenye picha?

ZUHURA: Sanduku tupu! Mashine ya mfano ilipotea njiani ikipelekwa New York, na jarida lazima lichapwe. Wakatengeneza ganda lenye swichi na taa, wakalipiga picha. Maagizo yakaja kwa maelfu ndani ya miezi michache.

BARAKA: Sasa tumwonyeshe msikilizaji alichopata mteja. Skrini hakuna. Kibodi hakuna. Kumbukumbu baiti 256, hazitoshi hata kuhifadhi meseji mbili ndefu za simu.

ZUHURA: Programu unaiingiza kwa vidole. Swichi juu ni moja, chini ni sifuri. Unapanga nane, unabonyeza ya kuhifadhi, unapanga nane nyingine. Jibu unalisoma kwenye taa nyekundu. Umeme ukikatika, vyote vimefutika.

BARAKA: Mtu angeuliza, faida yake nini?

ZUHURA: Faida ni kwamba ni yako, iko mezani, na kila waya unaujua. Wakati ule kompyuta zilikuwa za vyuo, serikali na makampuni makubwa. Machi 1975 wapenzi wa kazi hii wakakutana gereji huko Menlo Park, California, wakaanzisha Homebrew Computer Club. Steve Wozniak alikuwepo.

BARAKA: Naomba nisimulie ya Steve Dompier, naipenda mno. Huyu naye alikuwa wa klabu hiyo. Alikuwa na redio ndogo karibu na Altair yake, akasikia inavuma kila mashine ikifanya hesabu. Saketi zilikuwa zinatoa mawimbi, redio inayanasa!

ZUHURA: Wengine wangeisogeza redio.

BARAKA: Yeye akatafuta mzunguko upi wa programu unatoa sauti ipi, mpaka akapata noti za muziki. Akaenda klabuni, akaketi kubonyeza swichi moja moja huku watu wanamsubiri. Mtu akajikwaa kwenye waya wa umeme, kazi yote ikapotea. Akaanza upya. Alipomaliza, redio ikapiga wimbo wa Beatles, ukumbi mzima ukashangilia.

ZUHURA: Na siri hakuificha. Mwaka huohuo alichapisha programu yenyewe, namba kwa namba, kwenye jarida la People's Computer Company, ili yeyote mwenye Altair na redio aupige nyumbani kwake.