Pikipiki Ikilala, Betri Hailali

Mbukwenyi ndugu zangu wa Dodoma, nanyi mnaonitazama kutoka Kongwa, Mpwapwa na Kondoa. Ninazungumza nanyi nikiwa ndani ya ghala huku Minnesota, Marekani, ambako kila ifikapo Novemba wenye pikipiki na wenye magari-nyumba, yaani yale magari makubwa yenye vitanda na jiko ambayo familia husafiria wakati wa likizo, hutuletea vyombo vyao vilale hadi theluji iyeyuke. Kazi yangu mimi ni betri zao.

Wiki iliyopita mjomba wangu wa Mpwapwa alinipigia simu akilalamika kwamba pikipiki yake, aliyoiegesha kwenye banda la bati tangu walipomaliza kuvuna karanga, imegoma kuwaka kwa selfu. Akaongeza kwa utani kwamba ikiwa betri inakufa Mpwapwa pasipo baridi, basi za huku lazima zinakufa kama kuku wa mdondo. Nilimjibu, “Mjomba, mambo ni kinyume.” Betri ya risasi na asidi, yaani hii ya kawaida yenye plati za madini ya risasi ndani ya asidi, hujipunguzia chaji yenyewe hata kama hakuna kinachoitumia, na kasi hiyo huongezeka takriban maradufu kila joto linapopanda nyuzi 10 za Selsiasi. Huku ghalani baridi inanisaidia kuihifadhi, ilimradi niilaze ikiwa imejaa, kwa sababu asidi ya betri iliyojaa haigandi hata nyuzi 50 chini ya sifuri. Iliyoishiwa chaji ndiyo ya kuogopa, kwani karibu nyuzi 10 chini ya sifuri hugeuka barafu na kulipasua kasha. Sasa lifikirieni banda la bati saa saba mchana, mwezi wa Oktoba, na betri ambayo hakuna aliyeigusa kwa miezi mitano.

Chaji ikishuka na kukaa chini kwa muda mrefu, plati za ndani hufunikwa na ukoko mgumu wa salfeti ambao chaja ya kawaida huushindwa, na hapo ndipo tunaposema betri imekufa ingawa haikufanya kazi yoyote. Ndiyo maana kabla ya kuegesha ninafungua kwanza waya wa hasi, ule mweusi, kisha wa chanya, kwa kuwa kengele ya wizi na kile kitundu cha kuchajia simu huendelea kunyonya kidogo kidogo usiku na mchana. Kwenye vichwa vya betri mtaona unga mweupe au wa kijani. Ninaumwagia maji ya vuguvugu yenye kijiko cha magadi ya kupikia, unachemka povu kama sabuni, nami ninausugua kwa mswaki wa zamani nikihakikisha kwamba vifuniko vimefungwa, maana magadi yakiingia ndani yataiharibu asidi yenyewe.

Kuhusu maji nitasema kwa msisitizo. Kinachopotea ndani ya betri ni maji, si asidi, kwa hiyo anayeongeza asidi anaziunguza plati zake mwenyewe. Tumieni maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha kupozwa yakarudi kuwa maji safi, wala si ya bomba. Mnaoishi Dodoma mnaujua ule ukoko mweupe unaobaki kwenye birika, na ndio huo mtakaokuwa mnaumimina ndani.

Baada ya hapo kila mwezi pimeni kwa mita ya volti, betri ikiwa imepumzika saa kadhaa. Volti 12.6 na zaidi imejaa, 12.4 ichajiwe, na 12.0 inakaribia kuisha kabisa. Kuiwasha pikipiki kwa dakika tano ikiwa imesimama hakusaidii, kwani selfu huchukua kingi kuliko kinachorudishwa. Betri nyingi za bodaboda ni za saa-ampea 7 hivi, yaani kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuhifadhi, na chaji inayozifaa ni sehemu moja ya kumi ya namba hiyo, yaani ampea 0.7. Nilipokuwa bado nyumbani niliwahi kumwachia fundi mmoja betri ya namna hiyo, akaiunganisha kwenye chaja moja na betri kubwa ya lori, na jioni nikarudishiwa kitu kilichovimba kama andazi. Chajieni mahali penye hewa, mbali na moto, kwa kuwa gesi inayotoka hulipuka.

Zile za lithiamu zilizomo katika baadhi ya magari-nyumba zina masharti yake: huhifadhiwa zikiwa na nusu ya chaji, wala hazichajiwi baridi ikiwa chini ya sifuri.

Mjomba ameipima yake na kukuta volti 11.9. Nimemshauri aichaji polepole usiku kucha, aiache ipumzike hadi jioni, kisha aipime tena kabla hajaenda dukani kununua nyingine. Ameahidi kunitumia picha ya mita kesho, nami nitaiweka hapa chini ya video.